Mbio za baiskeli milima ya Alps: nianze na 68 km au niingie moja kwa moja 125?

MtotoWaNgaramtoni aliandika:

Wakuu habari za majukumu. Nina swali, naomba nijibiwe na wale waliopanda kweli sio wale wa kuangalia video tu. Mimi niko Stuttgart mwaka wa sita huu, kazi yangu ni ya ghalani, zamu zamu, nilianza kuendesha baiskeli kipindi cha korona kwa ajili ya kwenda kazini tu maana mabasi nilikuwa nayaogopa, baadaye ikageuka ugonjwa. Sasa hivi kila wikiendi nisiyokuwa na zamu napiga 60 mpaka 70 km kwenye misitu ya huku, saa yangu inaniambia kupanda ni kama mita 1,200 hivi, na nikirudi nyumbani bado nina nguvu ya kusonga ugali.

Kazini kuna jamaa watatu wanaenda Uswisi mwezi wa nane mwakani kwenye Grand Raid, ile inayotoka Verbier kuishia Grimentz, jimbo la Valais. Wao wanaingia ile ya kuanzia Hérémence, 68 km na kupanda mita 2,996, wananiambia jiandikishe na sisi. Sasa mimi roho inataka ile kubwa yenyewe ya Verbier, 125 km na mita 5,025. Maana 68 km si ndio naendesha kila wiki jamani? Nikalipe hela, nikalale Uswisi kwa bei zile, kwa kitu ninachofanya bure hapa? Halafu mimi ni mtoto wa Arusha, nimekulia mita 1,400, tulikuwa tunapandisha Ngaramtoni na Phoenix ya kuazima haina giya hata moja, kwa hiyo mambo ya hewa nyepesi sidhani kama yatanisumbua.

Baiskeli yangu ni ya ringi 29, shoki mbele tu nyuma hamna, giya mbele meno 34 nyuma kubwa kabisa ni 42. Itatosha au nitajuta? Na mwezi wa nane kuna baridi gani ya kuogopa? Kibali changu ni cha Ujerumani, sijui kama kuna karatasi nyingine inatakiwa. Natanguliza shukrani.

---

DadaWaNyahururu alijibu:

Kaka karibu, lakini hebu kwanza keti. Mimi naishi Lausanne, niko kazi ya uuguzi, na hiyo ya Hérémence nimeifanya mara mbili. Ya kwanza nililia, sisemi kwa utani, nililia machozi ya kweli nikiwa nimeinamia usukani na mzee mmoja Mswisi akasimama kuniuliza kama nimeumia.

Kitu cha kwanza toa kilomita kichwani. Huku milimani hakuna anayeuliza ni kilomita ngapi, wanauliza ni mita ngapi za kupanda. Wewe wikiendi yako ni 65 km na mita 1,200, na hizo 1,200 najua zilivyo kwa misitu ya huko, ni vilima vya mita 80, mita 100, unapanda dakika kumi unashuka unapumua, unapanda tena. Hiyo ya Hérémence ni umbali uleule karibu lakini mlima ni mara mbili na nusu yake, na sio vilima. Ukifika Evolène umebakisha 37 km, utasema eeh nimemaliza, kumbe ndani ya hizo 37 kuna mita 1,845 za kupanda na sehemu kubwa yake ni mlima mmoja. Evolène iko mita 1,371, Pas de Lona iko 2,787. Piga hesabu mwenyewe. Na wale wa Verbier wanafika hapo Evolène wakiwa na 88 km miguuni tayari, ndio waanze huo mlima. Hawa wanaume wa ubingwa wa dunia wa 2025, zile mbio ndefu za baiskeli za milimani wanazoziita marathoni, walipelekwa njia hiyohiyo ya Verbier kwenda Grimentz, akashinda Mmarekani Keegan Swenson, na kwa wanawake Mmarekani pia, Kate Courtney. Ndio ujue sio njia ya kujaribia jaribia.

Kuhusu kuzaliwa Arusha, pole, hilo halikusaidii hata chembe. Mimi ni wa Nyahururu, tuko juu yenu karibu kilomita nzima, na nilienda na hayo majivuno yako. Damu ya mtu aliyeishi juu akishuka kuishi chini inajirekebisha ndani ya wiki chache tu, mwili hauweki akiba ya kitu haukitumii. Wewe una miaka sita Stuttgart. Wewe ni mtu wa tambarare kaka yangu, kubali tu.

Sasa nikuambie Lona yenyewe. Baada ya kituo cha mwisho cha chakula pale juu kwenye malisho ya ng'ombe njia inakuwa mawe, halafu inasimama kama ukuta, na HAKUNA anayeendesha pale, yaani unaona mstari mrefu wa watu wamepinda migongo wanasukuma, kimya, hakuna anayeongea, unasikia tu viatu vinakwaruza mawe na kengele za ng'ombe kwa mbali. Mkono mmoja kwenye usukani mwingine chini ya kiti, hatua tatu unashika breki baiskeli isirudi, unapumua, hatua tatu tena. Wengine wanaibeba mgongoni kama gunia. Mimi nilikuwa na viatu vya mbio vile vya soli ngumu kama mbao, nilivinunua kwa mbwembwe, nikawa nateleza kama nimekanyaga sabuni. Nunua viatu vyenye soli ya mpira na uende ukafanye mazoezi ya KUSUKUMA, watu hawaamini nikisema hivi, ila misuli ya nyuma ya mguu na mgongo wa chini haijui kusukuma kama hujaifundisha.

Baridi sasa. Ukipanda kila mita 1,000 joto linapungua digrii kama sita na nusu, kwa hiyo Evolène ikiwa 16 kule juu ni kama 7, ongeza upepo, ongeza kwamba umelowa jasho, halafu unaanza kushuka hupigi pedali unakaa tu unapigwa na hewa. Mwaka wa kwanza vidole vilikufa ganzi nikashindwa kufunga zipu ya jaketi, nikafungiwa na yule mzee kama mtoto wa nasari. Jaketi jepesi la kuzuia upepo na mvua na glavu ndefu ni LAZIMA hata kama asubuhi jua linawaka, huko juu theluji inaweza kuanguka mwezi wa nane na haiombi ruhusa.

Fanya hivi kaka. Tafuta mlima mmoja wa mita 900 au 1,000 usiokatika, panda kwa mwendo ambao unaweza kuongea, piga saa. Shuka. Kula. Panda tena. Halafu rudi hapa na namba zote mbili tutaongea. Vituo vina muda wa kufunga, ukichelewa unatolewa njiani, na hakuna kitu kinauma kama kutolewa ukiwa bado unaweza kukanyaga pedali.

---

ChukuduExpress alijibu:

Batu banalipa franga juu ya kusukuma kinga ku mulima?? Siye ku Goma tunasukumaka chukudu, ile kinga ya mbao, iko na mifuko ya viazi juu, na tunalipwa siye 😂😂 Mukuye tutawafundisha bure.

---

DadaWaNyahururu alijibu:

@ChukuduExpress weeee 😂 nakubali kabisa, mkija nyinyi hapo Lona mtatupita wote, tena na viazi.

---

FundiWaSpoku alijibu:

Mtoto wa Ngaramtoni, mimi fundi, nipo karakana moja ya baiskeli München, kwetu ni Moshi kwa hiyo sisi majirani. Dada kaongea yote ya mwili mimi niongee ya chuma.

Shoki mbele tu inatosha. Usiende kununua mpya yenye shoki nyuma kwa ajili ya mbio moja. Utachoka mgongo na mikono kwenye kushuka zaidi ya mwenzako lakini kwenye kupanda wewe ni mwepesi, na siku yako nzima utakuwa unapanda. Shida yako ni giya. 34 mbele na 42 nyuma, kwa ringi 29 kila ukizungusha pedali mzunguko mmoja baiskeli inaenda karibu mita 1.9. Mwenye 32 na 51 anaenda kama mita 1.4. Maana yake wewe kwenye mwinuko mkali ukitaka miguu izunguke mara 60 kwa dakika lazima uwe unaenda karibu 7 km kwa saa, yeye anaenda 5 tu anatafuna ndizi. Wewe utakuwa unasimama kwenye pedali unang'ang'ana, saa moja sawa, saa sita magoti yatakudai.

Njia ya bei rahisi ni kubadilisha meno ya mbele tu, weka 30, utapata mita 1.6 na kitu. Njia nzuri zaidi ni kaseti, yaani yale meno ya nyuma yote. Hapo angalia, zile zinazoanzia meno 10 zinataka habu (kitovu cha gurudumu) yenye kichwa tofauti, usije ukanunua mtandaoni halafu haiingii, ila zipo za 11 mpaka 51 zinazoingia kwenye habu ya kawaida, sasa lazima na direila, kile kinachohamisha cheni nyuma, iwe ya mkono mrefu inayoweza kumeza meno yote hayo, na cheni mpya maana ya zamani itakuwa fupi. Ukifunga kaseti mpya na cheni ya zamani iliyovutika unaila kaseti ndani ya miezi.

Breki. Hapa nitaongea kidogo kirefu kwa sababu nilitaka kufa. Nilishuka Tremalzo kwenda ziwa Garda, ni zaidi ya mita 1,500 za kushuka, kona juu ya kona, na mimi fundi mzima nilikuwa nimetengenezea watu wote baiskeli zao, yangu nikaiacha hivyohivyo miaka mitatu, unajua ile ya nyumba ya seremala haina mlango. Breki zangu ni zile za kutumia mafuta ya DOT, na DOT inanyonya unyevu wa hewani, mwaka kwa mwaka inapata maji ndani na ikipata maji inachemka mapema. Mimi nikawa nashuka nimeibana ya nyuma muda wote kwa woga, diski ikapata moto, mafuta yakachemka yakatoa mvuke, na mvuke unabonyea, kwa hiyo nikakamata breki mkono ukaenda moja kwa moja mpaka kwenye grip bila kukuta kitu. Kitu. Hamna. Nilijitupa kwenye ukingo wa juu wa barabara upande wa mlima, ngozi ya kiwiko ilibaki Italia. Nilipomwagia diski maji ya chupa ilipiga kelele kama kitunguu kimeingia kwenye mafuta ya moto.

Kwa hiyo badilisha mafuta ya breki kabla ya kwenda, weka pedi za chuma sio zile laini, na diski ya mbele angalau 180. Na jifunze kushika breki kwa mkupuo, bana kwa nguvu kabla ya kona, achia ipoe, bana tena, usiburuze. Ya mbele ndiyo inayosimamisha, usiiogope.

Tairi, toa tyubu weka tyubulesi na ile dawa ya maji ya kuziba, mawe ya kule yana kingo kali. Beba tyubu moja ya akiba hata hivyo, pampu, kiungo cha cheni, na kile kipande cha alumini kinachoshika direila, ni cha fremu yako peke yako, kikikatika hata fundi wa kituoni hana. Kina uzito kama wa sarafu mbili na watu hawakibebi, sijui kwa nini.

---

BabuMtandao alijibu:

Mimi napingana na dada kidogo. Niko Linz huku Austria, mzaliwa wa Tukuyu, umri umeenda. Kijana anataka kubwa, mwacheni aende kubwa. Mbio fupi watu wanakimbia kama wamefukuzwa na nyuki, mwanzo tu ushasukumwa kwenye kona na mtu wa miaka 25. Ile ndefu watu wametulia, wanaongea, wanagawana chakula, ni safari.

Mimi nilijiandikisha Salzkammergut Trophy pale Bad Goisern, ile njia A, zaidi ya kilomita 200 na mita kama 7,000 za kupanda. Saa 11 alfajiri giza linaondoka ndio mnaruhusiwa, ukungu umelala kwenye bonde, watu mamia na hamna anayecheka. Kuna barabara imechongwa kwenye ubavu wa jabali, wanaiita Ewige Wand, yaani ukuta wa milele, mkono huu mwamba mkono huu hewa tupu, chini vijiji kama kiberiti. Nikajiambia hata nikifa leo sawa.

Sikumaliza lakini. Nasema ukweli. Mpaka saa ya saba nilikuwa vizuri, baada ya hapo kila kitu kitamu kikanitoka puani, zile jeli nikiifungua tu natapika, nikasema basi nitaenda na maji. Nilipofika ile kupanda ya mgodi wa chumvi juu ya Hallstatt, ambayo ni kali hata kwa miguu, nilishuka nikasukuma, nikakaa kwenye gogo, nikainuka, nikakaa gogo lingine. Ndipo akaja kijana wa waandaaji akaniambia kwa adabu sana kwamba muda umepita. Nikamshukuru, nilitaka kumbusu.

Lakini siku ile siibadilishi na medali ya njia fupi.

---

DadaWaNyahururu alijibu:

@BabuMtandao shikamoo mzee. Kwa heshima zote hiyo hadithi yako ndio sababu ninamwambia aanze na fupi 😄 Hukushindwa na miguu, ulishindwa na tumbo, na tumbo nalo linafundishwa.

Hili la chakula wengi wanalipuuza. Mwili ukiwa kazini muda mrefu unataka gramu 60 za wanga kila saa, ukizoea hata 90 ila hizo 90 zinataka mchanganyiko wa glukosi na fruktosi, ukitumia aina moja tu utumbo hauwezi kuinyonya yote inabaki inachacha tumboni, ndio hicho kichefuchefu mzee. Sasa ukianza siku ya mbio kula gramu 90 wakati mazoezini ulikuwa unakula ndizi moja kwa saa tatu, tumbo litagoma tu. Kwa hiyo kula mazoezini kama utakavyokula siku yenyewe. Weka saa ilie kila dakika 20, ikilia unakula, hata kama huna njaa, hasa kama huna njaa.

Na sio lazima vitamu vyote. Mimi nabeba chapati. Ndio, chapati, nimeikunja na asali na chumvi kidogo, nakata vipande vya kuingia mdomoni mara moja, nafunga kwa foili moja moja. Hadi mita 2,000 ni tamu ajabu, juu ya hapo ikipigwa na baridi inakuwa kama soli ya ndala kwa hiyo zile chapati nazimaliza mapema, juu nabakisha vya kunywa. Vituoni kuna ile supu ya chumvi ya moto, bouillon, pale mwisho kabla ya Lona nilikunywa vikombe vitatu nikiwa nimeshika kikombe kwa mikono miwili kama chai ya matanga. Supu hiyo ndiyo iliniokoa sio jeli ya franga nne.

---

ShemejiAliyenuna alijibu:

Mimi nitoe ushauri mmoja tu. Usikubali mtu akushawishi kuingia zile za wawili wawili kama Swiss Epic, siku tano milimani Uswisi, kabla hujamjua mwenzako vizuri. Sheria inataka muwe pamoja muda wote, mkiachana zaidi ya dakika mbili mnaadhibiwa. Mimi niliingia na shemeji yangu, kaka wa mke wangu, jamaa ni mcheshi hujawahi kuona, nyama choma safi, kila kitu safi. Siku ya pili tu nilikuwa namsubiri juu ya kila mlima nimetetemeka kwa baridi na yeye anafika anasema "kwani tunakimbilia wapi". Siku ya tatu mimi ndio nikaishiwa, akawa ananisubiri yeye, na akawa anapiga mluzi. MLUZI. Siku ya nne hatukuongea kabisa isipokuwa "kona" na "jiwe". Tulimaliza, picha tumekumbatiana, mpaka leo Krismasi anakaa upande ule wa meza.

---

MtotoWaNgaramtoni alijibu:

Wakuu nimerudi. Kwanza asanteni sana, sikutegemea majibu ya namna hii. @ShemejiAliyenuna pole sana mkuu nimecheka mpaka jirani kagonga ukuta.

Dada nilifanya ulivyosema. Nilichukua treni mpaka Freiburg wikiendi iliyopita nikapanda Schauinsland, nikaanzia chini kabisa, kupanda kama mita 950. Mara ya kwanza saa 1 na dakika 50, nikajiona mwamba. Nikashuka, nikala mkate na chai, nikarudi tena kupanda. Ya pili saa 2 na dakika 15. Na ile ya pili wakuu sijui niseme nini. Katikati kule nilipitwa na mama mtu mzima ana baiskeli ya kikapu, nikaona ni ya umeme nikafarijika kidogo, halafu nikapitwa na babu, yake HAIKUWA ya umeme.

Hesabu ikoje hapo?

---

DadaWaNyahururu alijibu:

Safi sana, sasa tunaongea. Ya kwanza umepanda kama mita 520 kwa saa, ya pili kama 420. Hiyo ya pili ndiyo wewe wa kweli, ya kwanza ni wewe wa asubuhi.

Tuseme 450 kwa wastani tukuhurumie. Hérémence mita 2,996, ni kama saa 6 na dakika 40 za kupanda tu, ongeza kushuka, ongeza vituo, ongeza kusukuma Lona. Siku nzuri ndefu, inawezekana, na bado una miezi ya kujenga. Verbier mita 5,025 kwa hiyo 450 ni zaidi ya saa 11 za kupanda PEKE YAKE, hujashuka, hujala, hujakojoa, na hiyo ni kama utabaki na 450 mpaka jioni, ambayo hautabaki nayo, umejionea mwenyewe kwa kupanda mara mbili tu. Wewe ungekuwa unapanda kama mara tano na robo.

Sikukatazi. Ila nenda Hérémence mwakani, ukiona umefika Grimentz una hamu tena, mwaka unaofuata Verbier, nitakuja kukupikia. Ukimaliza na unataka kitu kigumu zaidi cha katikati kuna Hero kule Val Gardena Italia mwezi wa sita, 86 km na mita 4,500 katikati ya yale majabali ya Dolomiti, ila Waitalia wanataka cheti cha daktari cha kushindana, hawana mchezo na hilo, kitafute mapema.

Kwa upande wa karatasi Uswisi iko Schengen, kibali chako cha Ujerumani na pasi vinatosha kwa safari fupi, hadi siku 90 ndani ya 180. Kitu cha kuuliza ni bima, mpigie mtu wako wa bima umwambie ni mashindano ya baiskeli milimani, uone kama wanalipa helikopta. Huku mtu akivunjika kule juu hakuna ambulensi inafika, ni helikopta tu, na bili yake hutaki kuiona.

Kulala, usihangaike na hoteli. Vijiji vya huko vina yale mahandaki ya ulinzi wa raia chini ya ardhi, milango ya zege minene kama ya benki, siku za mbio wanayafungua watu walale kwa bei rahisi, vitanda vya ghorofa tatu. Beba vya kuziba masikio. Mwaka wangu wa kwanza kulikuwa na mwanaume anakoroma na handaki lile linarudisha sauti, nililala saa mbili. Na ukipata siku moja ya ziada kapande uone bwawa la Grande Dixence, liko juu ya Hérémence hapohapo, ukuta wa mita 285, ukisimama chini yake shingo inauma.

Halafu kumbuka mbio zinaishia bonde lingine kabisa. Gari mliloacha Hérémence haliji Grimentz lenyewe. Sisi mwaka wa kwanza tulisahau hilo watu wazima wanne, tukashuka na basi mpaka Sierre na nguo za matope, watu wametukwepa kama tuna tauni.

---

BabuMtandao alijibu:

Marahaba binti, hesabu imeniziba mdomo. Ila nikiipata hiyo chapati njia A naimaliza.

---

MtotoWaNgaramtoni alijibu:

Basi nimenyoosha mikono, najiandikisha Hérémence na wale jamaa. Kaseti nimeagiza ya 11 mpaka 51 na direila yake, fundi asante, breki nitapeleka wiki ijayo, kumbe mafuta hayajawahi kubadilishwa tangu niinunue. Nimeweka picha ya baiskeli hapo chini mniambie kama kuna kingine cha kurekebisha kabla sijaanza mazoezi ya baridi.

---

FundiWaSpoku alijibu:

Baiskeli nzuri mkuu, fremu iko safi. Kiti kishushe kidogo na ukisogeze mbele, kwa kupanda kwa muda mrefu utakuja kunishukuru. Ila tairi la mbele limevalishwa kinyume. Angalia ubavuni kuna mshale.

---

MtotoWaNgaramtoni alijibu:

Nimetoka kuangalia kwa tochi ya simu. Mshale kweli upo. Hilo tairi nililivalisha mwenyewe mwezi wa pili 😭